Mkweche Ukigoma Sekenke, Mgeni Huiona Kiomboi

Mtalii mwenye gari zima haijui Iramba. Huondoka Arusha alfajiri, huupita Mlima Hanang pale Katesh bila kusimama, hujaza mafuta Singida mjini akiyatupia jicho maziwa ya Singidani na Kindai, kisha hukanyaga moto hadi Nzega. Usiku unamkuta Mwanza anakula sato. Ukimuuliza Kiomboi iko wapi, atajaribu kukumbuka kibao cha pale Misigiri, kama alikiona. Anayeijua Kiomboi ni mwenzake aliyekuja na mkweche.

Nawazungumzia wale wageni wa Ulaya, na siku hizi wa Afrika Kusini pia, wanaosafiri na magari ya kulala: kombi za Volkswagen zilizopauka rangi, Land Rover zenye hema juu ya paa, malori mepesi ya Mercedes yaliyowahi kuwa ya zimamoto huko Ujerumani kabla ya kuuzwa kwa mnada. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, madumu ya maji, ramani, na mara nyingine mtoto au mbwa. Likizo yao ni kuishi humo, nchi hadi nchi, wakipiga kambi pale giza linapowakuta. Na kila aliyewahi kuwasogelea anajua kwamba sehemu kubwa ya likizo hiyo huishia chini ya gari badala ya ndani yake.

Kwa nini wapite kwetu? Kwanza ni ada. Gari lenye namba za kigeni likiingia Serengeti hulipishwa kwa dola, na kiasi chake ni mara nyingi zaidi ya kile cha gari la namba za Tanzania. Ongeza Ngorongoro, yenye mamlaka yake na ada zake, uone kama familia inayosafiri kwa mkate na maharage ya kopo haitaamua kuzunguka. Mabasi mengi ya Arusha na Mwanza yaliliona hilo zamani, ndiyo maana yanazunguka Babati na Singida badala ya kukatiza hifadhini. Sababu nyingine ni Rusumo. Barabara kuu itokayo Dodoma kupitia Singida, Nzega na Kahama ndiyo inayokwenda kugota mpaka wa Rwanda, kwa hiyo mwenye gari la kulala anayetoka Kigali kuelekea kusini, ama anayepanda kutoka Zambia kuyafuata maziwa makuu, ana kila sababu ya kupita Misigiri.

Na Misigiri haipitiki bila Sekenke.

Kwa asiyepafahamu, nyanda za juu za Iramba hukatika upande wa magharibi, na barabara inajipinda kuteremka hadi mbuga za Wembere, ambako utaikuta Shelui. Madereva wa malori wanauheshimu mlima huu. Kabla ya lami, mvua ikinyesha, utingo na gogo lake la kuzuia tairi alikuwa na kazi kubwa kuliko dereva. Lami imeondoa tope. Mteremko uko palepale. Anayeshuka huunguza breki, anayepanda huchemsha injini au huunguza klachi. Sasa fikiria kombi ya miaka ya sabini, injini iko nyuma na inapozwa kwa upepo tu, haina rejeta, imebeba kitanda na jiko na watu wanne, saa nane mchana katika joto la Wembere. Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza. Nyuma basi linapiga honi. Yaliyobaki unayajua.

Sekenke haikuanza leo kuwashughulisha Wajerumani. Mgodi wa dhahabu wa Sekenke, ulioanza kazi mwaka 1909, ndio uliotangulia migodi mingine ya dhahabu katika nchi hii. Mwaka 1916, wakati meli za Waingereza zilipokuwa zimeifunga pwani na fedha kutoka Berlin haziji, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, na katika karakana ya reli zikafyatuliwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Zilitoka zaidi ya 16,000. Wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya wanazisaka hadi leo kwa bei kubwa. Ajabu ni kwamba mzee wa Kijerumani anaweza kuwa na picha ya sarafu hiyo kwenye kabati lake huko kwao, akaja kuunguza klachi juu ya mlima ilikotoka, asiambiwe na mtu. Hakuna hata bango.

Mtindo wenyewe wa kuvuka Afrika kwa gari lisiloaminika ulizaliwa hapa hapa Tanzania. Luteni Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 na gari lililoundwa Gaggenau, Ujerumani, akafika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Ni karibu miezi 21. Injini ilipomharibikia alikaa miezi akingoja spea zije kwa meli kutoka kwao. Petroli ilibidi itangulizwe njiani, na katika nchi isiyo na barabara aliyeibeba ni mpagazi. Kwa hiyo gari la kwanza kuvuka bara hili lilivuka kwa miguu ya watu, jambo ambalo picha za Graetz akiwa ameshika usukani hazilisemi kwa sauti.

Baada yake walikuja Waingereza, Meja Chaplin Court Treatt na mkewe Stella, waliotoka Cape Town Septemba 1924 na magari mawili ya Crossley wakafika Cairo Januari 1926. Miezi 16. Leo ndege inamaliza safari hiyo kwa usiku mmoja, lakini hakuna anayeandika kitabu kuhusu usiku huo. Stella aliandika kuhusu miezi yake 16.

Wimbi kubwa lilikuja baadaye, na historia yetu wenyewe ndiyo iliyolipa mwelekeo. Vijana wa Ulaya walizoea kwenda India na Nepal kwa njia ya nchi kavu. Mapinduzi ya Iran na vita vya Afghanistan, yote mwaka 1979, vikaifunga njia hiyo, na wengi wakageuzia kombi zao Afrika. Lakini mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, na haukufunguliwa hadi 1983. Aliyekuwa Nairobi akitaka kufika Zambia hakuweza kupita Namanga. Alilazimika kuzunguka Uganda, ikimruhusu, na Rwanda, ndipo aingilie Rusumo na kushuka kwa njia ya kati. Akifika huku anakuta nchi haina petroli ya kutosha na gari binafsi haliruhusiwi barabarani Jumapili alasiri, kwa kuwa serikali ilikuwa inabana matumizi ya mafuta. Mgeni aliyezoea kusimamishwa na injini sasa anasimamishwa na sheria.

Miaka hiyo ndiyo iliyowafundisha mafundi wetu kazi. Spea hazikuwepo madukani na fedha za kigeni zilikuwa za kuombea kibali. Tangi la mafuta likitoboka, fundi hakutafuta tangi, alichukua sabuni ya mche akaisugua kwenye ufa hadi ikanywea. Bushi za springi zilichongwa kutoka tairi kuukuu. Gasketi ilikatwa kwa mkasi kwenye karatasi ngumu, ikapakwa grisi, gari likaondoka. Mpira wa tyubu ulifunga bomba, ukafunga betri, ukafunga mlango usiofungika. Vijana wa gereji bubu za leo, wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati huo, wamezirithi mbinu hizo kwa kukaa karibu na wakubwa wao na kushika spana.

Na hapo ndipo hoja ya wenye mikweche inapopata nguvu. Wenyewe wanasema gari la zamani halina kompyuta. Gari jipya likigoma Shelui linadai mashine ya kulisoma, na mashine iko Dar es Salaam au Mwanza. La zamani linadai spana, nyundo na mtu mwenye akili. Kombi ndiyo mama yao. Volkswagen walianza kuitengeneza Machi 1950, na muda mfupi baadaye kampuni ya Westfalia ikaanza kuigeuza chumba chenye kabati na meza ya kukunja. Wazee wa Arusha na Nairobi wanaikumbuka kwa kazi nyingine: katika miaka ya 1960 na 1970 ndiyo iliyobeba watalii mbugani, paa likifunguka juu ili mgeni asimame apige picha. Kisha Toyota HiAce ikaifukuza. Brazil, waliokuwa wa mwisho kuiunda, walifunga kazi mwishoni mwa 2013. Huko Ulaya sasa kombi iliyotunzwa inauzwa kwa bei ya kutisha. Isiyotunzwa ndiyo inayokuja Afrika.

Kitu kimoja lazima niwapongeze nacho: tochi za trafiki haziwapati. Gari linalojitahidi kufikisha kilomita sitini kwa saa halina ugomvi mkubwa na kibao cha hamsini.

Kiangazi kimoja niliwakuta wazee wawili, mume na mke, wamekaa kwenye viti vya kukunja kando ya barabara, juu kidogo ya mteremko, kombi yao ya rangi ya chungwa imesukumwa pembeni. Nyuma na mbele walikuwa wameweka vile vibao vya pembetatu vinavyong'aa. Vijana wa pale walikuwa wameshaongeza matawi ya miti, maana dereva wa lori wa nchi hii haiamini pembetatu, anaamini jani. Kijana mmoja akamwamkia yule mzee, "Shikamoo babu." Mzee akajibu kwa sauti kubwa, "Jambo!" Vijana wakacheka, naye akacheka nao bila kujua anachekea nini.

Fundi alikuja na bodaboda kutoka Kiomboi, spana zake zimo ndani ya kiroba cha mbolea. Hakuuliza mengi. Akatandika boksi, akaingia chini, akatoka akinusa vidole.

"Mzee, pleti imekwisha," akasema.

Mzee alikuwa anajua tayari. Harufu ya klachi iliyoungua haihitaji mkalimani. Alichotaka kujua ni siku ngapi. Fundi akaonyesha vidole vitatu, akafikiri kidogo, akaongeza cha nne.

Fuso moja lililokuwa likirudi tupu likaivuta kombi hadi Kiomboi, ikaingizwa uani kwenye nyumba ya wageni. Hapo ndipo lilipoibuka suala la malipo ya waliosukuma. Bei ya kwanza iliyotajwa ilikuwa ya kuonea haya. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa anachambua mchele barazani, hakuinua hata kichwa. "Nyie watoto, mgeni ni wa kukamuliwa? Baba yako akiharibikiwa kwao utafurahi wamfanye hivyo?" Bei ikashuka. Kisha akawaagiza wageni wapelekwe kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji wakajitambulishe, kwa sababu mtu halali mahali pasipo mwenyewe kujua, awe na pasipoti ya rangi gani.

Fundi alikuwa hajawahi kufungua gari la aina ile. Mzee akamletea kitabu cha ufundi, kurasa zimelowa grisi. Fundi akakipokea kwa mikono miwili, akakitazama kwa heshima, akakiweka juu ya kiti, akaendelea. Injini ya kombi hushikwa na bolti chache. Fundi, vijana wawili na jeki moja walikuwa wameishusha kabla ya chakula cha mchana. Pleti ya namna ile haikupatikana Singida. Zilikuwepo njia mbili: kung'oa raba iliyoungua na kupigilia nyingine kwa ribiti, jambo ambalo fundi alikuwa tayari kulifanya, ama kutafuta iliyotumika Dar es Salaam. Ikapigwa picha, ikatumwa kwa WhatsApp kwa muuza spea wa Gerezani, akajibu anayo. Pesa ikaenda kwa simu. Kifurushi kikapanda basi pale Mbezi, namba ya kondakta ikatumwa, na kesho yake usiku bodaboda ikakipokea Misigiri. Graetz alingoja meli.

Siku za kungoja ndizo walizoishi Kiomboi. Walikwenda mnadani. Walikula kuku wa Singida, yule wa kienyeji ambaye kila abiria wa njia hii humnunua dirishani na anayehitaji meno kamili, wakamsifu. Mke wa yule mzee alijaribu kupepeta alizeti akaimwaga yote kwenye upepo, na upepo wa Singida hauna huruma. Jioni walizungushwa kwenye majengo ya zamani ya misheni, na hapo mume akapata la kusema, kwa kuwa wamisionari wa Leipzig, kutoka nchi yake, walikuwa wameanza kazi Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika miaka ya 1920 Walutheri wa Marekani, wa sinodi ya Augustana, wakaichukua kazi hiyo. Hospitali ya Kiomboi ni tunda lao. Pia walikuwa na shule ya bweni hapa Kiomboi kwa watoto wao, waliokuwa wakiletwa kutoka vituo vya mbali kwa magari ya wazazi wao, masika na kiangazi. Huenda hiyo ndiyo iliyokuwa mikweche ya kwanza ya kigeni ambayo wazee wa Kinyiramba waliisukuma.

Mwenye gari zima haya yote hayapati. Hapati hata robo yake, maana hana sababu ya kusimama, na sisi hatujampa.

Hapa niseme lisilopendeza. Kuharibikiwa kwa hiari ni anasa. Yule mzee anayecheka kando ya barabara ana bima ya matibabu inayoweza kumrudisha kwao kwa ndege. Gari lake limeingia nchini kwa hati ya forodha ambayo mwenyewe huiwekea dhamana ya fedha nyingi huko Ulaya. Amelipa viza ya Tanzania kando, kwa kuwa ile viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda iliyoanza 2014 haituhusu sisi. Ana kadi ya njano ya COMESA ya bima ya gari, ambayo Tanzania inaitambua ingawa tulijitoa COMESA mwaka 2000, na ana kadi nyingine ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Mambo yakiwa mabaya kabisa, analiacha gari na kuondoka. Sasa mfikirie mama aliye ndani ya basi lililokufa chini ya mlima huohuo saa tano usiku, mtoto mgongoni, maji yamekwisha, kondakta anarudia lilelile: fundi anakuja. Yeye hana kiti cha kukunja. Hakuna atakayeandika kuhusu usiku wake kwamba ulimfundisha uvumilivu. Ninapowasikia wageni wakisimulia kwamba kukwama kuliwaonyesha Afrika yenyewe, huwa najiuliza kama wanajua kwamba wenyeji wa Afrika hiyo wangependa kufika.

Hata hivyo siwezi kuwanyima haki yao. Mtalii wa hoteli hukutana na watu waliolipwa kumtabasamia. Mwenye mkweche hukutana na watu wasio na sababu ya kumtabasamia, wakaamua kufanya hivyo au wakaamua kutofanya. Hawezi kuchagua. Yule aliyekuja kutazama watu amelala chini ya gari, miguu nje, na watoto wa shule wamemzunguka wakimtazama yeye. Naona ni malipo ya haki.

Mashuhuri wa safari za aina hii ni Herman na Candelaria Zapp wa Argentina. Waliondoka Buenos Aires Januari 2000 na Graham-Paige ya mwaka 1928, gari lenye spoki za mbao kwenye magurudumu, wakidhani watafika Alaska kwa miezi sita. Walirudi nyumbani Machi 2022. Walikuwa wamepita nchi 102, Afrika ikiwemo, na kupata watoto wanne njiani. Gari la umri ule haliwezi safari bila msaada wa watu wa kila kijiji, na wao walilijua hilo, wakaishi kwa hilo. Mjerumani Gunther Holtorf alikuwa kinyume chao. Alianza kuzunguka dunia mwishoni mwa miaka ya 1980 na Mercedes iliyopewa jina la Otto, na sehemu kubwa ya safari aliifanya na mkewe Christine. Safari ilipokoma mwaka 2014, miaka michache baada ya Christine kufariki, Otto alikuwa amekwenda karibu kilomita 900,000. Sasa yuko jumba la makumbusho la Mercedes huko Stuttgart. Holtorf alisifika kwa kulikagua gari na kubadilisha kifaa kabla hakijafa. Namheshimu sana. Lakini mtu kama Holtorf angepita Misigiri bila kusimama, kwa hiyo kwa habari za Kiomboi hana msaada.

Watanzania je? Utasikia watu wakisema sisi hatuna utamaduni wa kwenda kulala kwenye hema nchi za watu kwa kujifurahisha. Anayesema hivyo hajawaona mahujaji wa Namugongo. Kila mwaka, kuelekea tarehe 3 Juni, parokia nyingi za Tanzania hukodi mabasi, mengine ya umri wa kutiliwa mashaka, kwenda Uganda kuwaadhimisha Mashahidi waliouawa kati ya 1885 na 1887. Wanavuka Mutukula na magodoro, sufuria, mikeka na madumu. Wanalala mahemani na viwanjani, wanapika nje, wanaimba. Basi likigoma njiani wanateremka wanasali rozari huku fundi akiwa chini. Ni kambi ya ugenini ndani ya gari lisiloaminika, tofauti ni kwamba wao wana sababu kubwa zaidi ya kufika. Na mapenzi ya gari la zamani tunayo pia: Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, zikajaa barabarani mpya na za babu, zikiwemo zile za 109 zilizobeba mabwana shamba na masanduku ya kura. Wengi waliokwenda hawakwenda kuangalia mpya.

Kwa hiyo soko lipo, na liko mlangoni. Iramba haina mbuga ya simba. Ina Ziwa Kitangiri na samaki wake, ina majabali, asali, kuku, ina mlima wenye historia ya dhahabu, na ina mafundi. Hawa wa mwisho ndio mgeni wa mkweche anaowahitaji kuliko simba. Wasafiri hawa wanaambizana. Wana programu ya simu iitwayo iOverlander, ambamo kila mmoja huandika wapi pana maji, wapi pana uwanja salama wa kulala, wapi pana fundi asiyedanganya, na anayefuata nyuma husoma hapo kabla ya kuamua apite njia ipi. Fundi mmoja mwaminifu wa Kiomboi akiandikwa humo mara moja, hahitaji tangazo jingine. Na kijana mmoja mwenye tamaa akiandikwa humo, ni hivyohivyo.

Mambo ya kufanya si ya bajeti ya wizara. Nyumba moja ya wageni Misigiri na moja Kiomboi zitenge ua wenye mti, bomba na choo kisafi, gari lilipie usiku kama chumba kinavyolipiwa. Bei ya kuvuta gari kutoka Sekenke ikubaliwe na ijulikane, kwa Mtanzania na kwa mgeni ileile. Mafundi wajiorodheshe kwa mtendaji, namba zao za simu ziandikwe mahali panaposomeka. Na pale juu ya mteremko lisimame bango la kueleza dhahabu ya 1909 na sarafu ya tembo, ili hata mwenye gari zima apate kisingizio cha kukanyaga breki kwa hiari yake.

Bango lenyewe ni bati, rangi na nguzo mbili, kazi ambayo welda yeyote wa Kiomboi ataimaliza kwa siku moja. Naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Iramba impe kazi hiyo kabla ya Juni, maana magari haya hupita zaidi wakati wa kiangazi, Juni hadi Oktoba.